Kwa Atu, Kuhusu Kidonge na Kombaini

Atu mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya bonde, na ninavyomjua dada yangu hatakuachia mpaka umekula ugali wake na kusikiliza habari zote za goti lake. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa jikoni. Moto nimeuzima kwa sababu moshi unakupa chafya, halafu nikakumbuka kwamba hupo. Nimeuacha umezimika hivyo hivyo.

Mwandiko utauvumilia, mkono wangu unaujua.

Kesho unapanda basi la Rujewa, na sina nia ya kukupa masharti ya sweta, wanaume na kufunga mlango. Sweta ni nguo ya huku Kilolo. Kule Usangu utalikalia. Mengine umeyasikia tangu ukiwa na meno ya utoto, na yale ambayo hukuyasikia umeyajua mwenyewe. Nina jambo moja tu. Unakwenda kuendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye vumbi la mpunga, wewe ambaye hata nikipepeta maharage uani unavimba macho. Utahitaji kidonge cha aleji. Na mimi kidonge nakiogopa kuliko hiyo kombaini yenyewe. Nataka nikueleze hofu hii imetoka wapi, na ipi kati yake ni ya kweli na ipi ni ya kwangu tu.

Hadithi ya vidole vyangu unaijua. Umeisikia mara nyingi, kwa sababu kila mgeni aliyenipa mkono aliitaka, na mimi sikuwahi kumnyima mtu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasua mbao inayohamishwa kutoka msitu mmoja wa misindano hadi mwingine. Vumbi la mbao lilikuwa linanitesa. Aleji hiyo umeirithi kwangu, usimsingizie mama yako. Yeye alikuwa na pua ya kujua jirani amepika nini kabla sufuria haijafunuliwa.

Asubuhi ile mama yako alinipa piritoni, kile kidonge cha njano cha aleji, nikameza, nikaenda kazini. Jua lilipopanda pua bado inachuruzika, nikameza kingine kabla muda wake haujafika, maana niliona cha kwanza kivivu. Mchana tukakaa chini kula, likaletwa galoni la mtogwa. Wewe umekulia na mianzi nyuma ya nyumba, umenisaidia kuikata ncha na kuifunga mbeta za kukingia, huhitaji kufundishwa. Mtogwa ni ulanzi, maji ya mianzi, uliotoka kukingwa, mtamu, ndio tunaowapa watoto na wanakwaya, na mchungaji akipita naye tunamkaribisha. Lakini galoni lile lilikuwa limeshinda juani tangu alfajiri, na ulanzi ukishinda juani unakuwa pombe. Wote tulilijua hilo. Tuliendelea kuuita mtogwa kwa sababu uliondoka nyumbani ukiwa mtogwa, na mtu aliyekunywa mtogwa hajalewa, kwa hiyo anainuka na kurudi kwenye msumeno.

Sikuyumba wala sikuimba. Nilihisi utulivu tu, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Ubao ulipita na mkono wangu ukaufuata. Mwenzangu wa upande wa pili alipiga kelele kabla mimi sijahisi chochote.

Nikisimulia, nilikuwa namalizia hivi: "Ni piritoni hiyo! Piritoni ndiyo iliyonikata vidole." Wageni wanatikisa kichwa, wananionea huruma, mama yako anainuka kuosha vyombo. Kidonge cha pili nilikuwa nakiruka, na galoni nilikuwa nalitaja kama chakula cha mchana tu. Ukweli ni kwamba kidonge kilifanya kazi yake. Kinakausha pua na kinaleta usingizi, ndivyo kilivyo, na kwenye karatasi yake imeandikwa usiendeshe gari wala mitambo. Mimi ndiye niliyekiongezea mwenzake, nikavimwagia ulanzi juu, nikaenda kusimama mbele ya msumeno. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kumlaumu mdogo huyo wa njano ambaye hawezi kujibu.

Gharama ya kosa la kwanza ilinipata mimi. Ya kosa lililofuata ilikupata wewe, na ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Nilipiga marufuku vidonge hivyo ndani ya nyumba. Ulipoanza shule, kila misindano ilipomwaga vumbi lake la njano ulikuwa unasugua macho mpaka kope zinang'oka. Ulilala umekaa, umeegemea ukuta, mdomo wazi. Mwalimu akaniita kuniuliza kama mtoto analia nyumbani. Mimi nikachemsha majani ya mkaratusi, nikakufunika blanketi na kukufukiza, ukatoka humo unakohoa kuliko ulivyoingia, nami nikasema uchafu ndio unatoka. Mama yako, Mnyakyusa asiyeogopa mtu, alisimama katikati ya jiko hili hili.

"Gwe, Baba Atu," akaniambia, "mtoto akose kupumua kwa ajili ya vidole vyako?"

Nikamjibu kwamba nyumba ni yangu. Hilo ndilo jibu nililompa, Mungu amlaze mahali pema, na sikulibadilisha mpaka anafariki.

Ukabaki na mimi na sheria yangu. Siku ile ninayotaka kukuambia, tulikuwa tunavuna mahindi shamba la bondeni. Ulikuwa na mafua mabaya, ukasema unakwenda kunywa maji. Hukurudi. Nilikukuta umekaa kwenye mtaro kando ya barabara inayopitwa na malori ya magogo, kichwa magotini, miguu imetokeza njiani. Nilikuita, nikakutikisa. Ulifumbua macho, ukanitazama kama mtu asiyenijua vizuri, ukauliza, "Mama ameshafika?" Halafu ukalala tena.

Hujawahi kuniuliza nilijisikiaje, na sikulaumu. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati, nikiomba njia nzima, na mimi si mtu wa kuomba kwa sauti.

Mganga alipekua mifuko ya sketi yako. Akakuta piritoni zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na pakiti ya dawa ya mafua, ile ambayo sote tunainunua dukani bila kuuliza. Akaigeuza pakiti, akanionyesha maandishi madogo.

"Mzee, unaona hapa? Humu ndani mna dawa ile ile iliyo kwenye piritoni. Amekunywa kitu kimoja mara mbili kwa majina mawili. Na inaonekana aliongeza, aliona hazifanyi kazi haraka."

Wakakulaza, wakawa wanakuangalia mpaka usingizi ulipokuachia. Jua likizama mganga alitoka nje, akaniuliza taratibu, "Kwani alikuwa anamficha nani?"

Nilimshukuru, nikaenda barabarani kujifanya natafuta usafiri.

Baadaye ndipo tulipokwenda mjini Iringa, kwa yule dada Mhindi wa famasi, ambaye mama yako alikuwa akinunua vitenge kwa baba yake. Utakumbuka alivyotukalisha, akauliza unaumwa nini kingine, unatumia dawa gani nyingine, kifua kinabana au hakibani. Mimi nilikuwa nimeshika kofia kama niko polisi. Akatuambia zipo dawa za aleji za siku hizi ambazo hazileti usingizi sana. Nikadakia, "Kwa hiyo hazileti." Akacheka. "Mzee, nimesema sana, sijasema kabisa. Kila mwili na mambo yake. Ajaribu kwanza siku ambayo hana kazi wala safari, ajione."

Ukajaribu moja ya hizo, setirizini, siku ya Jumapili. Wenzako wanaimeza na kulima mpaka jioni, wewe ilikulaza kwenye benchi la kanisa toka somo la kwanza mpaka matangazo, na mama mchungaji akanisifu kwamba nimelea binti anayezama kwenye maombi. Tukarudi famasi, dada akakupa loratadini, kimoja kwa siku. Hiyo ikakupenda. Asubuhi moja ukasimama mlangoni, ukavuta pumzi kwa pua zote mbili, ukasema, "Baba! Kumbe nyumba yetu inanuka viatu vyako!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikatoka nje kwa sababu nilitaka kulia. Ulikuwa umeishi humu miaka yote hiyo bila kujua nyumba yako inanukaje, na dawa ilikuwepo dukani muda wote.

Sasa turudi Rujewa. Loratadini uliyofunga kwenye begi itaisha katikati ya msimu, maana mpunga ukikomaa hakuna Jumapili kule. Utakwenda duka la dawa, utaambiwa, "Hiyo imeisha dada, chukua hii, ni ile ile." Muulize jina lake. Mwombe akuonyeshe palipoandikwa. Akianza kuzunguka zunguka, toka. Mwenzako wa kwenye mashine atakuona unapiga chafya, atakutolea kidonge mfukoni kisicho na karatasi, kwa upendo tu. Upendo upokee, kidonge mrudishie. Na ukipata mafua ya kawaida, kabla hujanunua dawa ya mafua ukumbuke ile pakiti ya zahanati, uulize ndani mna nini.

Ikitokea piritoni ndiyo pekee iliyopo na macho yamekufunga kabisa, imeze kazi ikiwa imekwisha na uko ndani kwako. Asubuhi ujichunguze kabla ya kupanda, kwa sababu usingizi wake unaweza kuvuka hadi siku ya pili na mtu asijue. Pombe usiichanganye nayo, hata ile watakayokuambia si pombe. Kimoja kisipotosha, usiongeze cha pili. Baba yako aliongeza.

Nasema hivi kwa sababu nimeiona kombaini ikivuna, nilipokwenda Chimala kununua mchele. Mbele ina visu vinavyozunguka, na pembeni na nyuma yake wanatembea kina mama na watoto wakiokota masuke yaliyobaki. Ukisinzia pale juu, atakayeumia huenda asiwe wewe. Mimi nilijikata mwenyewe, na hata hivyo bado naota.

Kuna mengine ambayo kidonge hakiyawezi kabisa. Kifua kikianza kubana na kupiga filimbi, au midomo na ulimi vikivimba, usikae kusubiri kidonge kifanye kazi. Shuka, piga kelele, wakukimbize hospitali. Hayo si mafua. Na siku Mungu akikujalia mimba, usimeze kwa mazoea, uliza kwanza. Sijauliza chochote, nimesema tu.

Nimefika kwenye lile lililonikalisha hapa. Juzi ulipokuwa unapanga begi nilikuuliza kama umemwambia mwenye kombaini kwamba una aleji. Ukasema, "Baba, acha tu. Nikimwambia si atachukua dereva mwingine? Nitavaa barakoa, niko freshi." Nikanyamaza, ukadhani nimekubali.

Sikukubali. Nilikuwa namkumbuka yule mganga na swali lake. Kuficha kidonge ulijifunzia katika nyumba hii, na mwalimu wako ni mimi. Ulinificha mimi kwa sababu niliifanya pua yako kuwa kosa. Sasa unataka kumficha mtu mwingine kwa hofu ile ile. Fikiria itakavyokuwa: siku umelazimika kumeza kile cha usingizi, utamwambiaje leo siendeshi, wakati hajui kwamba una chochote? Hutamwambia. Utapanda mashine.

Lakini usinione mwenye busara, bado sijamaliza. Jana ulipokwenda kuchota maji, nilichukua namba ya mwenye kombaini kwenye ile karatasi uliyobandika ukutani, nikaenda nyuma kwenye kuni, nikampigia. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nitamwambia binti ana aleji mbaya, vumbi halimfai, yeye anaona aibu kusema, bora utafute mwingine. Nilijiambia nafanya hivyo kwa usalama wako. Akapokea: "Halo, nani mwenzangu?"

Nikamuuliza bei ya mpunga.

Akanitajia kwa adabu kabisa. Akauliza nahitaji gunia ngapi, nikamwambia nitamrudia. Nikakata simu, nikakaa juu ya kuni, mzee mzima.

Nilipoisikia sauti yake nilijua sikumpigia kwa ajili ya kidonge. Ninaogopa kubaki peke yangu, Atu. Ndivyo ilivyo, sina namna nzuri zaidi ya kuliandika. Tangu mama yako aondoke, chafya zako za alfajiri ndizo zilizokuwa zikiniambia kwamba nyumba ina mtu, na mimi nilikuwa nalalamika kwamba zinaniamsha. Keshokutwa nitaamka, nitasikiliza, na hakutakuwa na kitu isipokuwa mianzi inayosuguana huko nyuma. Nitasonga ugali wa mtu mmoja, na sijui unasongwaje, huwa unakuwa mwingi. Nilitaka huyo bwana akukatae kabla hujafika, urudi uketi hapa. Nilikunyima dawa ya aleji yako miaka mingi, halafu nikakaribia kuutumia ugonjwa wenyewe kukufunga nyumbani.

Sitampigia tena. Kumwambia ni kazi yako, kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie una aleji, una dawa isiyokulaza, umeijaribu unaijua, na siku ukilazimika kutumia nyingine hutapanda mashine. Mtu aliyenunua mashine kama ile, nadhani atamtaka dereva anayesema nina usingizi kuliko yule anayenyamaza. Akikukataa kwa hilo, rudi nyumbani na vidole vyako vyote, tutatafuta kazi nyingine, na naahidi sitafurahi mbele yako.

Mbwa wa jirani anabweka, nadhani ni wewe unapandisha. Naikunja hii niisukume chini ya begi, kwenye viatu. Utaisomea huko. Ukiisoma hapa tutalia wote wawili na basi litatuacha.

Nakuombea Mungu atangulie safari yako, na kazi yako, na hao kina mama wanaookota masuke nyuma yako.

Ombi langu ni moja. Siku vumbi likikushinda ukameza kile cha usingizi, usiiguse mashine. Lala kitandani, nipigie simu, tuongee mpaka kikulaze, na ukinyamaza nitajua umelala, nitakata mimi. Na siku ambayo hujameza kitu, macho makavu, pua wazi, huna shida yoyote na huna la kusema, nipigie vilevile.

Baba yako